Alimtaja Marehemu Mume Wangu Ndipo Gari la Wagonjwa Likaitwa

Assalamu alaykum ndugu zangu, na msio Waislamu nawasalimu pia. Admin, nifichie jina na kijiji, maana huku tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, naishi huku milimani Uluguru. Gari linaishia bondeni, mgonjwa anashushwa kwa machela. Mume wangu enzi za uhai wake ndiye aliyekuwa anashika mbele. Mvua, utelezi, hakukataa kumbeba mtu.

Mwaka jana, nikiwa ndio kwanza nimetoka eda, mkamwana wa jirani yangu, binti mdogo tu, alishikwa na uchungu. Alfajiri mpaka adhuhuri mtoto hatoki. Mumewe yuko mbali, kwenye mashamba ya miwa. Vijana wamekaa uani na machela yao, lakini mke wa mtu habebwi bila idhini ya mama mkwe, na simu yenye namba ya gari la wagonjwa mama mkwe kaifunga kwenye pindo la kanga. Huku wengi bado wanaamini uchungu ukikawia, mwanamke katoka nje ya ndoa, na mtoto hatoki mpaka mwanaume atajwe.

"Mtaje nipige simu. Hutaki, kufa nalo."

Nikapiga magoti. "Dada, piga kwanza. Utamuuliza akishapona."

"Mjane, kiherehere cha nini? Au unamjua?"

Wanawake wakacheka. Jamani, mtu anakata roho, wao wanacheka!

Binti akamtaja mume wangu.

Simu ikapigwa hapo hapo. Mjini akapasuliwa, yeye na mtoto wakapona, alhamdulillahi. Mama mkwe akatamba: "Si mmeona? Kataja tu, mtoto huyo!" Kama vile daktari hakushika kisu.

Mumewe aliporudi alisema, "Maiti sigombani naye," akasamehe. Tusi likabaki kwangu. Yule mama akinikuta njiani ananiinulia mtoto: "Mwamkie mama yako mkubwa. Sema shikamoo!" Mwanangu wa kwanza amekataa kupalilia kaburi la baba yake. "Akapaliliwe na huyo mwanawe mwingine," kaniambia usoni.

Juzi binti kanifuata kisimani, kanishika miguu analia. "Mama, mumeo hajawahi kunigusa hata mkono. Nilitafuta mtu ambaye hawawezi kumpiga."

Nikilisema hilo, mume wangu atasafika na mwanangu atarudi kwenye kaburi la baba yake. Lakini nawajua wenzangu. Watauliza, kama si marehemu ni nani? Safari hii watamtaka aliye hai. Na binti ana mimba nyingine, simu iko kwenye pindo lile lile. Uchungu ukikawia tena, atamtaja nani?

Kila nikimaliza kuswali nabaki kwenye mkeka namwomba Mungu anionyeshe njia. Nishaurini wenye hofu ya Mungu: nimsafishe mume wangu, au nimwache abebe na hili?