Nyumba Zilizonyamaza

Hapana, shangazi. Kama ni mimi nilipita na wale watu wa serkali nikawaonyesha nyumba za Waislamu, juu ya nini nyumba yetu pia imepakwa alama ya kuvunjwa? Mutu anaweza kuuza jirani yake, sawa. Lakini atauza namna gani mulango ambao mama yake mwenyewe amekaa nyuma yake?

Hivyo ndivyo nilimujibu dada ya baba yangu, asubuhi ya pili tangu alama nyeusi zionekane kwenye mutaa wetu hapa Kasongo. Alikuwa amekaa juu ya mukeka, anachambua muchele, na hata macho hakuinua.

"Weye na Kifaransa chako," alisema. "Nani mwengine huku anasema na wale watu? Juzi nilikuona mimi mwenyewe, karibu na musikiti, unasema na yule kapita, nyapara wa usafi. Na meno yote yako inje."

"Aliniuliza njia ya kwenda soko, shangazi."

"Mutu mwenye kukaa Kasongo, hajui soko?"

Nilitoka na hasira, lakini ile sauti yake ilinifuata. Kweli, kapita yule aliniuliza soko juu ya nini? Nilianza kukumbuka kila kitu alichosema: kama jua iko kali, kama baba yangu ni nani. Nilimuambia baba amekufa. Labda sikupaswa kumuambia vile.

Ile habari yote ilianza sokoni. Bulamatari, ndiyo serkali ya wazungu, alituma mutu kutangaza kwamba muji utanyooshwa. Barabara zitakuwa pana, kila nyumba itakuwa na parsele yake, kiwanja chenye mipaka, na choo chake nyuma, na nyumba za zamani zisizokaliwa na watu zitavunjwa, juu zinafuga panya na kimputu, ule mududu wa ndani ya ukuta unaoleta homa. Ajenti wa usafi atapita na kapita wake, kupaka alama nyeusi kwenye nyumba za kuvunjwa. Maneno yalikuwa mazuri. Mimi ninayesoma sekondari kwa watawa wa misioni, niliyafurahia kabisa. Nani anapenda kimputu? Nani anapenda kuvuka maji machafu kila mara mvua inanyesha? Niliwaambia hata watu wa nyumbani: hii ni kazi ya maana, musiogope. Shangazi alitikisa kichwa tu. Sasa alikuwa na sababu ya kunikumbusha.

Mutaa wetu ni wa zamani. Nyumba za udongo zimeshikana kuta kwa kuta tangu wakati wa mababu, na nyuma yake kuna kanjia kadogo kanakopita kutoka uani mwa nyumba moja mpaka uani mwa nyingine. Wamama wanapita huko. Wanaazimana chumvi, wanapelekeana mboga ya sombe, wanazika na wanaozesha, na mwanaume wa barabarani hawaoni. Mulango wa mbele ni wa wanaume. Mugeni akipiga hodi mbele na hakuna mwanaume ndani, mwanamuke hajibu kwa kinywa. Anagonga kinu kwa mwiko. Kila mutu wa hapa anajua maana yake: wenyewe tuko, lakini bwana hayuko, rudi baadaye. Hata mutoto wa kuuza karanga anajua.

Mama yangu alikuwa kwenye eda. Baba alikufa kabla ya mavuno ya mupunga, na tangu hapo mama hakuvuka kizingiti. Mwanamuke wa eda hatoki, na sauti yake haisikiwi na mwanaume mugeni. Hiyo nyumba ikivunjwa kabla ya muda wake kuisha, angetolewa inje mbele ya polisi na wafungwa wa kubomoa, na watu wa soko wamesimama wanaangalia. Kwa mama, hiyo ilikuwa sawa na kumufukua baba. Hakuniambia kwa maneno. Lakini tangu alisikia juu ya alama, alikataa kula, na alikuwa anapangusa ukuta kwa kiganja, pole pole, kama mutu anapangusa uso wa mugonjwa.

Mimi ni mutu wa haraka. Siwezi kukaa nikilia na kusengenya. Nilijitanda kitambaa changu, nikaenda kuangalia alama moja moja.

Mbele ya musikiti wanaume walikuwa wanasema kwa sauti ya chini. Waliponiona wakanyamaza. Mumoja akakohoa, mwengine akasema kwa nguvu, "Jua ya leo inachoma," na jua ilikuwa bado iko nyuma ya mawingu. Nilijua wanasema nini. Kwamba Wakristo wametuonyesha kwa Bulamatari ili wapate viwanja vyetu. Na kwamba katikati ya Wakristo na sisi kuna daraja moja, na daraja hilo linavaa nguo za shule ya misioni.

Nilipita. Nyumba ya mufanyabiashara wa mafuta ya mawese, alama. Huyo alikuwa safarini Kabambare tangu wiki iliyopita, na bibi yake yuko peke yake. Nyumba ya bibi kizee mujane, alama. Nyumba ya mushonaji nguo, hakuna alama, na yeye anashona hapo hapo kwenye baraza kila siku. Nyumba ya wale ndugu wanaochukua mizigo ya wachimba zahabu upande wa Salamabila, alama. Nilianza kuwaza kwamba wanaume wa musikitini wanasema kweli. Zote zilikuwa nyumba zetu. Na ukizitazama kutoka mwisho wa mutaa, unaona kama zinapanga mustari, kama kamba ya muzungu wa kupima barabara.

Halafu nilifika kwa jirani yetu Mukristo, mama mumoja munene mwenye sauti ya kuamsha maiti. Alikuwa ametoka shambani upande wa Lusangi na bwana yake, kikapu cha karanga kiko bado kichwani, na amesimama mbele ya mulango wake. Mulango wake pia uko na alama.

"Ee, karibu, mutoto wa watu!" aliniitia. "Karibu uone kazi ya ndugu zako!"

"Ndugu zangu wepi, mama?"

"Nyinyi Waislamu! Nani mwengine? Mimi naenda kuvuna karanga, narudi, nyumba yangu imepakwa masizi kama sufuria. Mulisema nini kwa wale watu? Ati sisi tuna kimputu? Kimputu chenyewe kitakimbia nikikipigia kelele!"

"Mama, nyumba yetu pia."

"Yenu pia?" Alishusha kikapu. "Na mama yako mwenye eda?"

"Na mama."

Alinitazama muda, kisha akatazama alama yake, kisha mutaa wote. "Sasa nani amemuuza nani hapa?" aliuliza, na mara ya kwanza siku ile, mutu aliniuliza kitu bila kujua jibu tayari.

"Siku walipopita, mama, ulikuwa wapi?"

"Si nimekuambia? Shamba. Tumelala huko."

"Na nyumbani kulikuwa nani?"

"Mbuzi."

Nilicheka, na yeye akacheka, na palepale nikaelewa. Sikuaga hata. Nilikimbia nyumbani kwa ile njia ya nyuma, nguo ya shule imekamatwa na miiba ya uzio, nikaingia mpaka kwa mama.

"Mama, siku ile ya alama, mimi niko shuleni, mutu alipiga hodi mbele?"

"Alipiga."

"Ukafanya nini?"

Alinitazama kama mutu anayeulizwa kama maji yanalowesha. "Niligonga kinu. Nilitaka nifanye nini? Alipiga tena, niligonga tena. Kisha nilisikia wanakwaruza ukuta, wakaenda."

Ajenti yule wa usafi alikuwa mugeni, hakuzaliwa huku. Na kapita wake, hata kama anajua soko, hajui nyumba zetu. Alisikia mwiko na kinu, akafikiri ni mutu anatwanga sombe kwenye ua wa jirani. Alingojea sauti. Sauti haikutoka. Akapaka: nyumba haikaliwi. Kila nyumba iliyonyamaza ilipakwa. Ya mushonaji ilijibu, haikupakwa. Ya mama wa karanga ilikuwa na mbuzi tu.

Nilifikiri mambo yameisha. Nilikuwa na furaha ya mutu aliyepata jibu la hesabu. Lakini nilipokaa chini nikapumua, swali lingine likasimama. Baba mudogo, ndugu ya baba yangu, anakaa ukuta mumoja na sisi. Siku ile alikuwa nyumbani, anaumwa muguu. Nyumba yake haikupakwa, maana yake alijibu. Na mutu aliyejibu alisikia wanapiga hodi kwetu. Juu ya nini hakusema neno moja?

Na watu wote walijua baba mudogo anataka duka. Tangu zamani alikuwa anasema kwamba duka lazima liwe mbele ya barabara kubwa. Barabara kubwa ikipita, nani atakuwa mbele yake kama nyumba yetu imeondolewa?

Nilimukuta kwenye baraza yake, muguu umefungwa majani ya dawa. Shangazi alikuwepo, amemuletea uji. Sikungoja aondoke.

"Baba mudogo, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Siku ya alama, ulisikia wanapiga hodi kwetu?"

Shangazi akadakia, "Ona heshima ya misioni!"

"Nilisikia," alisema baba mudogo.

"Ulisikia mama anagonga kinu?"

"Nilisikia."

"Wakakuuliza?"

Alikunja uso, sijui juu ya muguu ao juu yangu. "Yule kapita aliniuliza, na hii nyumba nani anakaa? Nilimuambia, uliza wenyewe."

"Juu ya nini hukusema yuko bibi wa ndugu yako?"

Alimutazama shangazi, na shangazi akatazama uji. "Mwanangu," alisema, "siku ya mazishi ya baba yako, kaburi bado liko na unyevu, nilisikia kwa masikio yangu watu wanasema: sasa mudogo atarithi bibi wa kaka yake, na nyumba juu yake. Hata huyu dada yangu hapa alisema."

"Mimi nilisema mufano tu," alisema shangazi.

"Mufano una meno. Tangu siku ile sijagusa hata uzio wa kwenu. Sasa nisimame mbele ya mutu wa serkali niseme, hii nyumba niulize mimi, mwanamuke wa humu niko ninamuchunga mimi? Kabla ya jua kuzama habari ingefika mpaka Kabambare."

"Basi enda leo kwa administratere, ule mukubwa wa muji. Mwambie ni makosa."

"Nikienda, wataniuliza mimi nani wa ile nyumba. Nikijibu, wataniandika mimi ndiye mwenye nyumba. Kisha shangazi yako atapata mufano mwengine."

Baba mudogo aliongea vizuri, na hilo lenyewe halikunipendeza. Mutu anayeogopa kusengenywa na mutu anayengojea duka lake, wote wawili wangefanya vile vile siku ile: wangenyamaza. Nilimutazama usoni, nikatafuta tofauti, sikuiona. Hata leo ninapoandika haya sina hakika.

Alasiri ile kulikuja habari kutoka gereza kwamba wafungwa wamepewa majembe na shoka, na kwamba kesho asubuhi wataanza upande wa musikiti. Kwetu ni nyumba ya tatu.

Nilirudi kwa mama nikamueleza yote. Nilimuambia: mama, neno moja tu. Ajenti akija, sema neno moja, "tuko". Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa," alisema mama. "Na baba yako?"

"Mama, watavunja!"

"Nimesikia. Sauti yangu haitoki." Hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, nguo yake nyeupe imepigwa pasi na mukono wake mwenyewe, na nikaona kwamba nikimubembeleza mpaka asubuhi hatabadilika. Nilitaka kupiga kelele. Kwa watawa tunafundishwa kwamba mutu anayejua kweli anaisema na mambo yananyooka. Mimi kweli nilikuwa nayo, na ilikuwa imekaa tu mukononi kama ufunguo bila mulango.

"Basi nitasema mimi," nilisema.

"Mulango wa mbele?"

"Mulango wa mbele."

"Watu watasema umewaita wewe. Na posa je? Mwanaume gani wa mutaa huu atatuma wazee kwa binti anayejibizana na polisi barabarani?"

"Labda yule asiyesikia vizuri."

Alitaka kucheka, akajizuia. Kisha alisema, "Ukisema nao Kifaransa peke yake, hata mimi sitajua umeuza nini." Alisema hivyo mama yangu mwenyewe, na sikukasirika. Mama pia ni mutu wa mutaa huu.

Nililala kidogo sana, na katika ile hali nilipanga. Sikujua kama ajenti atasikiliza binti. Sikujua kama ule mustari wa nyumba zenye alama ulinyooka kwa makosa, ao makosa yenyewe yalimupendeza mutu fulani mwenye kamba ya kupima. Lakini niliamua: kesho asubuhi, kabla wafungwa hawajafika, nitafungua mulango wa mbele pande zote mbili, niwashe moto kwenye baraza, nisimame hapo. Ajenti akifika, kila neno nitalisema kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, wanaume wa musikitini wasikie, shangazi asikie, baba mudogo asikie, ndipo nilirudie kwa Kifaransa. Nitasema hapa wanakaa watu, na nitasema nani. Nikimaliza ya kwetu, nitatembea mbele yake mpaka kwa bibi kizee mujane, nipige hodi mimi, na akigonga kinu nitamuambia ajenti asimame asikilize.