Kichwa cha Wangeci

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ya Nyeri, Daktari Mkuu alinionyesha mgonjwa mwenye mabaka ya upara. "Upara wa kawaida huacha vitundu vya nywele," aliniambia. "Huu umeacha kovu. Vitundu vimezibika, nywele hazirudi. Tafuta chanzo." Nikajifunza vyanzo: mashilingi, yaani choa cha kichwani, yaliyotunga usaha, kuungua moto, ukanda wa kubebea kuni unaovuta nywele miaka mingi, na ule ugonjwa unaoufanya mwili ujishambulie wenyewe. Huo huchochewa na jua, na mara nyingine huingia kwenye viungo.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopigana na wapiganaji wa msituni, nilipelekwa Tetu nikiwa nesi wa pekee katika zahanati ya kijiji kilichozungushiwa handaki. Asubuhi moja Bwana D.O., ofisa wa serikali, aliingia na askari wawili wakimburuta Wangeci, mama mkulima. Utosini alikuwa na mabaka matatu yasiyo na unywele.

"Huyu ametoka msituni," alisema D.O. "Alikuwa na nywele ndefu za kusokotana kama wapiganaji wenzake, akazinyoa. Andika hivyo, utie sahihi."

Karatasi hiyo ingeweza kumfikisha kwenye kitanzi.

Nilimketisha dirishani. Ngozi ya mabaka ilikuwa laini, imebonyea, ukingoni nyeusi yenye magamba. Ndani ya masikio nikaona madoa yaleyale.

"Mama, viungo vinauma?"

"Vidole, tangu nizae mtoto wa kwanza. Asubuhi siwezi shika jembe. Na nikikaa kwa jua, kichwa inawaka."

Nikamgeukia D.O. "Bwana, wembe hauzibi vitundu vya nywele. Hili ni kovu la miaka. Siandiki."

"Nesi, uko upande gani?"

"Wa mgonjwa."

Alinitukana, akaondoka naye. Nikaandika nilichokiona, nikampa dereva wa gari la dawa ampelekee Daktari Mkuu. Siku ya tatu daktari alimpima Wangeci mahabusu, akathibitisha kila neno. Wakamwachilia.

Mimi nilivuliwa cheo, nikapelekwa Kiriaini kufua bendeji. Nywele za Wangeci hazikurudi. Alijifunga kitambaa, akalima, akazeeka.

Miaka baadaye nilirudishiwa cheo, nikastaafu nikiwa sista mkuu wa wodi. Manesi vijana huniuliza kama najuta kumbishia mkubwa. Yale maji ya Kiriaini yalikuwa baridi, na vidole vyangu vilipasuka. Lakini nikiletewa karatasi ile leo, nitakataa tena, na sitasema "Bwana".