Kabla ya Kwenda Milimani kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliponiambia kwamba atafanyiwa upasuaji wa titi, nilikuwa kwenye cherehani nyumbani kwetu Rosettenville, Johannesburg, napinda upindo wa gauni la bibi harusi. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba bomba la jikoni linavuja. Kisha akasema, "Dada, nataka uwepo. Siku chache tu. Mwanzoni mwa Juni theluji imeshaondoka mjini, utatembea bila shida."

Anaishi Uswisi, katika mji mdogo wa milima ya Alpi, alikoolewa. Mumewe ni mtu mwema na wakwe zake wanampenda. Lakini mama yetu alishafariki, na mtu anapoumwa humtaka wa kwao.

Nikamjibu, "Nakuja." Nilipokata simu nikashikwa na woga, na nilichokiogopa ni mlima.

Nina pumu tangu utotoni. Nilipokuwa darasa la pili, baba alitutoa Tanga kwenda Lushoto kumsalimia shangazi. Basi lilipanda kona baada ya kona, ukungu ukaingia madirishani, kifua changu kikabana. Namkumbuka mama akinipepea kwa kanga, abiria wakimpigia kelele dereva asimame. Tulishushwa kando ya barabara tukarudi chini, Mombo, kwa lori la kabichi. Shangazi sikumwona. Tangu siku ile, mlima kwangu ulikuwa ni kukosa pumzi.

Basi nikaanza kujiandaa kwa safari kama mtu anayejiandaa kwa msiba. Mdogo wangu alinitumia picha ya mtaa wao: nyumba za mbao, maua madirishani, ng'ombe kwenye majani mabichi, na nyuma yao jabali jeupe hadi juu. Maua sikuyaona. Niliikuza picha kwa vidole nikitafuta barabara ambayo gari la wagonjwa lingepita.

"Hiyo treni inapanda mpaka wapi?" nilimuuliza.

"Mpaka karibu na mlango wangu."

"Na hewa ipo?"

Akacheka. "Ipo, dada. Wewe lete sweta na kanga. Asubuhi utavaa sweta, mchana utajifunga kanga."

Huku Johannesburg baridi ilikuwa imeanza kuuma, nyasi za Turffontein zimekauka, na mimi nilikuwa natafuta viatu vya kutembelea kwenye kiangazi cha wenzetu. Nilipanga begi, nikalipangua, nikaongeza dawa ya kuvuta, kisha nyingine endapo ile ya kwanza ingepotea. Pasipoti yangu ilikuwa bado kwa watu wa viza. Kila simu ilipolia nilijichoma na sindano ya kushonea.

Mume wangu, mtu wa Lubumbashi asiyeharakishwa na jambo lolote, alinitazama nikizunguka chumba. "Shida iko wapi? Wakikunyima viza, utakuwa umejaribu."

"Sitaki kujaribu. Nataka kufika."

Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa, aliinua macho kwenye simu yake. "Eish, mama. Nenda kwa daktari kwanza. Muulize."

Nikaenda. Daktari wa zahanati ya jirani alinisikiliza mgongo na kifua, akaniuliza jina la mji ninaokwenda. Aliutafuta kwenye kompyuta yake, akatabasamu.

"Umeishi Johannesburg muda gani?"

"Miaka mingi. Watoto nimewazalia hapa."

"Basi umeishi mlimani miaka mingi. Mji huo uko chini kuliko hapa ulipokaa."

Nilidhani ananitania. Akanigeuzia kompyuta nisome mwenyewe. Jiji hili la mabarabara na maghorofa, ambamo nilipanda ngazi za sokoni na marobota ya vitambaa kichwani, lilikuwa juu kuliko ule mji wa ng'ombe na theluji. Alinisisitizia nisiache dawa na nisipande juu zaidi ya mji, akaniita mgonjwa anayefuata.

Nilitoka nje nikasimama kwenye robot, taa za barabarani kama tunavyoziita huku, taa ikawaka kijani, ikarudi nyekundu, sikuvuka. Nilitegemea kujisikia mwepesi. Badala yake woga ulibaki vilevile, ila sasa haukuwa na mlima wa kujificha nyuma yake. Nilikuwa naogopa kisu. Naogopa kumpoteza yule niliyembeba mgongoni kabla sijajua kusuka nywele.

Nikampigia palepale barabarani. Sikumuuliza habari za treni wala hewa.

"Unaogopa?"

"Sana, dada. Ulikuwa hujaniuliza."

Tulilia wote, magari yakinipita.

Viza ilitoka wakati nilipokuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia kwamba siji. Nilisafiri. Treni ilipanda, kifua changu kikakaa kimya, na mdogo wangu alinipokea kituoni akiwa amekonda kuliko kwenye simu. Siku ya upasuaji mimi na shemeji tulikaa tumeshikana mikono, hatuna lugha ya maana kati yetu, mpaka daktari alipotoka akiitikia kwa kichwa kwa namna ya kuridhika. Majibu kamili yangekuja baadaye, nikiwa nimesharudi kwenye cherehani yangu, na yangekuwa mazuri. Wakati ule hatukujua.

Kabla sijaondoka mdogo wangu alitaka kutoka nje kidogo. Tulitembea polepole kwenye bustani ya hospitali, akachoka, tukakaa kwenye benchi juani. Akaegemeza kichwa begani kwangu, akasinzia. Mkono wangu ulikufa ganzi, nami sikuuondoa.