Gobore Alilojichagulia Marlène

Ukimwona Marlène kwenye kituo cha basi pale Winson Green, Birmingham, na kofia yake ya sufi na mfuko wa mihogo, huwezi kudhani ana leseni ya bunduki. Anayo. Picha yake imebandikwa, jina lake limeandikwa, na polisi walikuja nyumbani wakalitikisa sanduku la chuma la kufungia bunduki ukutani wakaona halitikisiki. Ni mjane wa miaka hamsini na sita, mtu wa Fizi kule Kongo, na kazi yake ni kupanga mikate kiwandani.

Baba yake alikuwa mwindaji mwenye gobore, ile bunduki ya zamani unayoshindilia baruti na risasi kwa mdomoni. Akirudi porini, nani aliliosha? Marlène. Maji ya moto, kitambaa, mafuta, mpaka mtutu ung'ae ndani. Kaka zake walipiga, yeye akaosha. Siku aliyoomba apige mara moja tu, walimcheka mpaka uji ukapoa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakusahau. Kwa nini asahau?

Basi hapa Birmingham aliposikia kuna klabu ya watu wanaopiga magobore, alijiandikisha. Miezi minane, kila Jumamosi, treni halafu miguu kwenye matope. Alichotaka ni kuwinda paa. Nchi hii imejaa paa, wanagongwa na magari kama kuku. Lakini askari wa leseni alimwambia wazi: kibali hiki ni cha kulenga karatasi, paa ana kibali kingine na bunduki nyingine. Marlène alinuna wiki nzima, kisha akasema sawa, tuanze na karatasi. Leseni ikaja na nafasi moja. Gobore moja, basi. Ukinunua bovu, unaanza tena kuandikiana na polisi, na kungoja kule kunazeesha mtu.

Hapo ndipo akajitokeza Athanase, mdogo wa marehemu mume wake. Kwenye ukoo wao kuna desturi: anayemchagulia mwindaji bunduki ya kwanza, bunduki inaitwa yake. Aliyelipa amelipa tu. Mchaguzi anapewa paja la kila mnyama, na watu wanalitaja gobore kwa jina lake mpaka afe. Athanase anaijua desturi hiyo vizuri. Kupiga bunduki ndiyo hajui. Hata ndege kwa manati hajawahi kumpata.

"Mama Ruben," alimwambia, maana humwita kwa jina la mtoto wake, "mwanamke haendi kuchagua bunduki peke yake. Nitakupeleka na gari."

"Kwa gari nashukuru, shemeji. Kuchagua nitachagua mimi."

"Bon, sawa. Tutaona."

Dukani, muuzaji mwenye ndevu za kuchongwa alimwona Marlène ameshika leseni mkononi, akampita, akaenda kumsalimia Athanase. "Karibu, sir. Unatafuta nini leo?" Akamletea kiti. Mwenye leseni akaachwa amesimama kama mwavuli uliosahauliwa mlangoni.

Athanase akakaa, akatazama ukuta, akanyoosha kidole kwenye gobore refu kupita yote, lenye mapambo ya shaba. "Ile. Ndefu ndiyo inaua."

"Chaguo zuri, sir," akasema muuzaji, akalifuta vumbi. Vumbi lenyewe lilikuwa la kulimia. Tena akaanza kupanga vitu kaunta: risasi nzito za paa, kisu cha kuchunia, suruali ya rangi ya majani, na chupa ya dawa ya kunyunyizia nguo paa asikunuse. Athanase tayari alikuwa anakipima kile kisu mkononi.

Marlène akaiweka leseni juu ya suruali. "Hii umeisoma?"

"Nimeisoma, madam."

"Imeandikwa paa wapi?"

Muuzaji akapangusa kaunta iliyokuwa safi. "Watu wengine wanapenda kuwa navyo tu."

"Watu gani? Nimeandikiwa karatasi. Karatasi ina pua?"

Yule bwana akaanza kurudisha vitu vyake kimoja kimoja, na chupa akaificha kwanza. Alijua tangu mwanzo. Mtu anayejua na bado anakuuzia, huyo humwiti mjinga. Ana jina lingine.

Athanase akageukia Kiswahili. "Mama Ruben, usituaibishe mbele ya watu. Mimi kanisani nimeshawaambia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba paja..."

"Paja la nini, shemeji? Karatasi haina paja."

"Sasa miezi minane yote unapiga makaratasi?"

"Na ninayapata. Wewe umepata nini?"

Kisha akafanya kazi aliyoijia. Lile refu alilishika, akaacha mdeki, ule ufito wa kushindilia, udondoke ndani ya mtutu. Ukatua kwa sauti butu, kama kijiko kwenye ugali. Kutu. Akaingiza kitambaa, kikatoka chekundu, akakilaza mbele ya muuzaji. La pili lilimlemea bega, mdomo ukainama. La tatu lilikuwa fupi, kitako kimekwaruzwa, hakuna aliyelitazama. Mdeki ukadondoka ukalia kama kengele. Kitambaa kikatoka cheupe. Akavuta nyundo, akatazama pale inapokaa fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, akaliweka begani, likakaa.

"Hili," akasema.

Athanase alishasimama na kiganja kimeshalala juu ya mtutu. "Hilo hilo ndilo nilikuwa nataka kusema."

"Ondoa mkono."

"Mama Ruben, mais, lakini..."

"Ondoa mkono, Athanase." Miaka thelathini hajawahi kumwita kwa jina. Mkono ukaondoka.

Akanunua kopo la baruti, ambayo ina kibali chake kingine cha polisi, nacho alikuwa nacho, gololi za risasi, fataki, vitambaa na brashi ya mtutu. Sabuni alikuwa nayo nyumbani. Muuzaji akaandika namba ya gobore kwenye leseni, safari hii akimtazama yeye usoni.

Wiki mbili baadaye Athanase akamtuma mke wake, Thérèse. Mwenyewe hakuthubutu.

"Watu wa kanisani wanamuuliza," Thérèse akasema, akizungusha kikombe cha chai. "Anaomba useme tu mlichagua pamoja. Mambo yaishe."

"Nitasema alikuwepo."

"Basi hivyo tu?"

"Na kwamba alipewa kiti."

Thérèse akainamia chai yake mabega yakimtikisika, na haikuwa kwa kulia. "Na hilo nimwambie?"

"Mwambie hilo kwanza," Marlène akasema, akaenda kuchemsha maji ya kuoshea bunduki yake.