Raundi ya Saba Nzambani

Jana nilifungua geti la ploti lililoshika kutu, na viganja vyangu vikanuka kama zile ngazi za chuma za mwamba wa Nzambani, kule Kitui. Shangazi alitupeleka huko mimi na kaka yangu mdogo, siku moja tukiwa watoto, baada ya kanisa. Watu walisema ukiuzunguka ule mwamba mara saba, msichana hugeuka mvulana, na mvulana hugeuka msichana.

“Nani ameona?” niliuliza.

“Hakuna. Huo ni uongo wa shetani,” shangazi alisema, akifungua chupa ya chai.

Basi nikaanza kuzunguka, maana nilitaka kujua mwenyewe. Miiba ilinikwaruza miguu, na jiwe lilikuwa na joto nilipolipapasa. Kila nilipotokea, kaka yangu alinichunguza uso, kisha akapiga kelele: “Bado ni msichana!”

Nilipoanza raundi ya saba, shangazi aliacha chai, akaja mbio akanikamata mkono.

“Si umesema ni uongo?”

“Ni uongo kabisa,” alisema akihema, bila kuniachilia. “Lakini hilo rinda nimekushonea juzi, nani atavaa?”