Menajeri ya Jirani Yetu wa Bwera

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule, hapa Kasese, na picha ya simba, dubu na ndege waliofungiwa pamoja. Akaniuliza mkusanyiko wa wanyama kama huo huitwaje. Nikajibu bila kufikiri: menajeri. Rafiki yangu, neno hilo sikuwa nimelitamka tangu utoto wangu kule Bwera, mpakani na Kongo.

Lilikuwa neno la jirani yetu, mama mmoja aliyekimbia vita vya Kongo akiwa peke yake. Aliishi mteremkoni chini ya nyumba yetu, karibu na mto. Simbilisi, vile vijinyama visivyo na mkia, walilia wii-wii kando ya mafiga yake. Mabata walilala chini ya kitanda, na kasuku mzee aliyenyonyoka alipiga kelele juu ya mlango. Tukitoka shule tulimkatia majani huku yeye akitwanga sombe, majani ya muhogo, na harufu ya mawese ikitutia njaa.

"Mulishe menajeri yangu kwanza, kisha mutakula," alikuwa akisema kwa Kiswahili cha kwao, ambamo watu ni batu.

Siku moja mwalimu wetu, aliyejua Kifaransa kidogo, alipita pale, akacheka kulisikia. Akatueleza kwamba lilitokana na neno menaji, yaani nyumba na watu wake. Zamani lilimaanisha kazi ya kutunza nyumba na mifugo yake. Wafalme wa Ulaya ndio waliolichukua wakawaita hivyo wanyama wa porini waliowafungia ili kuwatazama. Jirani akaacha kutwanga.

"Basi nilisema kweli, mwalimu. Hii iko menaji yangu. Ile ya batu ilibakia kule."

Mwalimu hakucheka tena.

Kisha ikaja mvua ya mlimani. Mto ulishuka mchana ukibeba mawe na magogo. Baba alimvuta jirani mkono, "Mama, toka!" naye amekamata mlango, akilia kwamba wanyama wake wako ndani: "Beko ndani! Bote beko ndani!" Kutoka kanisani juu, tulikokimbilia naye, tuliliona paa lake likienda na maji.

Alikaa jikoni kwetu bila kula. Mama alimpikia sombe kama alivyofundishwa naye, ikapoa. Siku ya soko alijifunga kitenge, akaelekea daraja la mpakani.

"Unarudi kwa nani?" mama akamuuliza.

"Hakuna mutu."

Leo pale palipokuwa na nyumba yake ni mchanga mtupu, malori huja kuuzoa. Mama aliwauliza waliovuka daraja kila siku ya soko kama wamemwona. Walitikisa kichwa. Mwishowe akaacha kuuliza.