Chigong ya Celina, Taichi ya Waris

Celina Ruguru alikuwa mpishi, na alijua ni mpishi mzuri. Kwa miaka minne alipika katika kambi ya wajenzi wa barabara nje kidogo ya Gachoka, akiwalisha watu sitini asubuhi na jioni, na hakuna aliyewahi kukuta donge kwenye ugali wake. Kazi akiishika imeshikika. Hata mumewe Runji, mkulima wa ndengu ambaye maneno yake kwa siku hayajazi kiganja, alikubali hivyo.

Pale kambini palikuwa na fundi wa kupima udongo, Mchina wa makamo, jina lake Liang. Kila alfajiri, kabla malori hayajawashwa, alikuja jikoni kujaza maji moto katika chupa yake ya chai. Akishaijaza, alikwenda kusimama uwanjani nyuma ya jiko. Aliinua mikono yote miwili polepole mpaka juu ya kichwa, viganja vikitazama mbinguni kama mtu anayezuia paa lisianguke, kisha akaishusha. Akarudia. Akarudia tena. Celina alimwona kupitia dirishani akadhani mzee wa watu amefiwa.

Mwaka wa pili mgongo wa Celina ulimfunga. Aliinama kuteremsha sufuria la maharagwe, akashindwa kuinuka. Aliyemkuta ni Liang, chupa mkononi. Alimshikia kiti akae, akaita watu wamalizie kupakua. Baada ya wiki moja Celina aliporudi kazini, Liang alimwonyesha kwa kidole pale uwanjani.

"Mama, kuja. Hapana haraka."

Kiswahili chake kilikuwa hicho tu, pamoja na "pumua" na "pole pole". Kilitosha. Wiki mbili nzima walifanya lile zoezi moja la kuinua mikono: inapopanda unavuta pumzi, inaposhuka unaitoa. Ndipo akapewa la pili, la kuvuta upinde upande huu na upande huu. Kufikia mwisho wa mvua za vuli alikuwa nayo yote manane, la mwisho likiwa kusimama kwa ncha za vidole vya miguu na kuachia visigino vigonge ardhi. Aliuliza mambo hayo yanaitwaje. Liang akataja jina, Celina akalisikia kuwa "batwanjini", akaliweka kichwani hivyo hivyo.

Barabara ilipokwisha, kambi ikavunjwa na Liang akarudi kwao. Celina aliendelea nyumbani kila asubuhi. Mgongo haukumfunga tena. Jirani yake Nelius, ambaye mabega yalimuuma kwa kubeba madumu ya maji, alimtazama siku tatu kupitia ua, siku ya nne akavuka. Mwaka ulipogeuka walikuwa wanawake kumi na mmoja, Jumanne na Ijumaa, kwenye uwanja wa soko kabla wachuuzi hawajafika.

Kanisani waliuliza. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alimwendea akamwambia kwa upole kwamba kuna hofu ni dini ya kigeni.

"Njoo Ijumaa," Celina akamjibu. "Ukinisikia nikimwita yeyote, nitaacha. Mimi ninapumua tu, na pumzi hii nilipewa na Mungu yule yule."

Yule mama alikuja Ijumaa, akaja na ya pili. Runji peke yake ndiye hakubadilika. "Mnapunga upepo," alisema, akaenda zake shambani.

Jina la taichi liliingia kwa mlango wa binti yao, Purity, mwalimu wa shule ya msingi Kaaga, mjini Meru. Alipokuja likizo aliwapiga picha za video, akazituma kwa marafiki na maneno haya: "Mama yangu na kundi lake la taichi." Alikuwa amesikia mahali kuwa mazoezi ya polepole ya Wachina huitwa hivyo, na neno hilo lilimvutia. Video ikazunguka. Kufikia Julai, Celina akapigiwa simu na mtu asiyemjua.

"Ninaitwa Kobia, mwalimu mkuu mstaafu. Ni wewe Mama Celina wa taichi?"

"Ni mimi," Celina akasema, kwa sababu wakati huo kila mtu aliliita hivyo.

"Sisi wastaafu tuna siku yetu ya afya Agosti. Magoti yamekwisha, Mama. Njoo utufundishe."

"Nitakuja. Wavae viatu visivyo na visigino."

Alifika Kaaga siku hiyo akiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kupika chakula alichokipika mara elfu. Walimu wastaafu walikuwa thelathini na wanane, wamekaa kwenye viti vya plastiki kwenye nyasi za uwanja wa shule. Kati ya miti miwili palitundikwa bango kubwa: TAICHI KWA AFYA YA WAZEE. Chini yake, jina lake.

Aliyetangulia kuzungumza alikuwa daktari wa viungo, msichana wa Kisomali aitwaye Waris, ambaye baba yake anauza vitambaa mjini Meru. Alisema juu ya magoti, na juu ya wazee wanaoanguka jikoni na bafuni na kuvunjika nyonga. Alisema vizuri, bila kutisha. Wakati wa chai alimfuata Celina nyuma ya jukwaa, uso wake umejaa furaha.

"Mama, nilisomea China miaka mitano. Kila asubuhi wazee wa bustani karibu na hosteli yetu walinifundisha taichi. Sijakutana na mtu wa kufanya naye hapa Meru. Wewe unafuata mtindo upi?"

"Mtindo?" Celina akaweka kikombe chini. "Huu wa kawaida." Akainua mikono, akavuta upinde kushoto na kulia, akageuka kutazama nyuma.

Waris alitazama mpaka mwisho. Furaha ilibaki usoni, lakini sasa ilikuwa na aibu ndani yake.

"Mama, usinielewe vibaya. Unafanya vizuri sana. Lakini hii si taichi."

Celina alishusha mikono. Mbele yake, kupitia upenyo wa turubai, aliliona lile bango.

"Kama si taichi ni nini?"

"Aliyekufundisha aliiitaje?"

"Batwanjini."

Waris akapiga makofi. "Ba duan jin! Vipande Vinane vya Hariri. Hiyo ni chigong, Mama. Wachina huiandika kwa herufi q, qigong, lakini inatamkwa chigong. Na ni ya zamani sana."

"Tofauti yake iko wapi? Mimi naona zote ni kwenda pole pole."

"Ngoja nikuonyeshe."

Waris alivua viatu. Alianza kwa kuinua mikono karibu sawa na Liang, kisha hakurudia. Alizama kidogo magotini, uzito wake wote ukahamia mguu mmoja, ule mwingine ukawa mwepesi kama haumo, akaupeleka mbele, mikono ikatengana, akahamisha tena uzito, akageuka. Hatua moja ilizaa nyingine bila kituo. Alipomaliza alikuwa amesimama mbali na pale alipoanzia. Celina alijaribu kumfuata, akapotea kwenye hatua ya tatu: mguu aliotaka kuuinua ndio uliokuwa umebeba mwili.

"Sasa nisukume," Waris akasema.

"Nikusukume? Nitakuangusha, binti yangu. Nimebeba masufuria."

"Sukuma."

Celina akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. Waris hakupinga. Aligeuza kiuno kidogo tu, kama anayempisha mtu mlangoni, na Celina akapita na nguvu zake zote mpaka akashika kiti asianguke.

"Kumbe ni ngumi!"

"Ni mapigano," Waris akacheka. "Kila mkono unaouona una maana yake: huu unazuia, huu unasukuma. Wanaupunguza mwendo ili mwili uelewe. Yako wewe haina adui. Unasimama mahali pamoja, unarudia zoezi moja mpaka pumzi na mwili vikubaliane, basi. Watu husema kila taichi ina chigong ndani yake, lakini si kila chigong ni taichi."

Hapo Kobia akatokea. Watu walikuwa wamemaliza chai, wanangoja. Alipoelezwa alikuna kichwa, akatazama bango, akatazama walimu wake.

"Tuliache hivyo hivyo, Mama. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," Celina akasema. "Na huyu daktari anajua. Tayari tuko wawili."

Alipanda jukwaani, akachukua kipaza sauti. 

"Walimu wangu, hamjambo. Bango linasema nimekuja kufundisha taichi. Taichi siijui. Nimeiona leo kwa mara ya kwanza, hapo nyuma, na nusura niangukie viti vyenu." Wakacheka. "Ninachokijua kinaitwa chigong. Nilifundishwa na mtu anayekijua, na kilinipa mgongo huu niliosimama nao. Mkikitaka, simameni. Msipokitaka, nitakunywa chai yenu nirudi Gachoka."

Walisimama wote. Lakini walimu ni walimu, na mkono mmoja ulikuwa umeshainuliwa.

"Mtu mwenye goti bovu achague ipi?"

"Kwa upande wangu," Celina akajibu, "hata anayekaa kwenye kiti anaweza. Mikono inapanda, pumzi inaingia, goti limepumzika. Upande wa pili sitausemea. Daktari, njoo."

Basi wakafanya hivyo, wote wawili. Celina aliwapa zoezi la kuinua mikono na la kuvuta upinde, na baada ya dakika kumi uwanja mzima ulikuwa unapanda na kushuka pamoja, hata wawili waliorudi kukaa kwenye viti. Kisha Waris akajaribu kuwafundisha hatua tatu tu za taichi. Mwalimu mmoja wa hesabu aligeuka kushoto wenzake walipogeuka kulia, akagongana kifua kwa kifua na aliyewahi kuwa naibu wake, na ilibidi wote wasimame kwanza wamalize kucheka. Hakuna aliyehitaji tena kuelezwa kwa nini moja unaweza kwenda nayo nyumbani siku ile ile na nyingine inataka miezi.

Mwishoni alikuja Mwalimu Gatwiri, mwanamke wa miaka sabini na minne aliyetembea akishika mkono wa mwenzake. Mwaka huo alikuwa ameanguka mara mbili nyumbani kwake.

"Mimi nifuate nani kati yenu?"

"Taichi," Waris akasema mara moja. "Kuhamisha uzito mguu hadi mguu ndiko kunakofundisha mwili usianguke."

Celina alikuwa amemtazama yule mama wakati wa mazoezi. Aliona jinsi alivyoishiwa pumzi kabla wengine hawajatokwa jasho.

"Pumzi yake ni fupi, daktari. Akianza na hatua zako atachoka katikati, na mtu aliyechoka ndiye anayeanguka. Aanze na chigong apate pumzi. Kisha aje kwako apate miguu."

Waris alifikiri kidogo. "Nakubali. Lakini awe na kiti karibu, na kwanza apite kwangu nimpime presha."

"Hiyo ndiyo kazi yako," Celina akasema.

Tangu Agosti hiyo, kila wiki ya pili Celina hulala kwa Purity na asubuhi hukutana na Waris kwenye uwanja nyuma ya chumba chake cha matibabu. Celina huwafundisha wagonjwa chigong, na wakishaondoka, Waris humfundisha yeye taichi. Si rahisi. Mwili wake umezoea kusimama na kurudia, na taichi haimruhusu. "Kwenye chigong nikikosea narudia," alimwambia Nelius. "Kwenye taichi, nikijua nimekosea nimeshafika kwingine." Mwalimu Gatwiri alimaliza vipande vinane mwezi wa Novemba, akavuka kwenda kwa Waris, na Krismasi alikwenda kanisani peke yake, mikono yake yote miwili imeshika kitabu cha nyimbo.

Gachoka, wale wanawake kumi na mmoja wamekuwa ishirini, na wanachokifanya wanakiita kwa jina lake halisi, chigong. Celina aliwaambia ukweli wote siku ya kwanza aliporudi, na aliyecheka zaidi ni Purity, kwenye simu.

Taichi anaifanya nyumbani, peke yake. Tatizo likawa uwanja. Vipande vinane vya chigong vinatosha mahali pa kutandika mkeka, lakini taichi ya Waris, yenye vipande ishirini na vinne, inatembea, tena inaelekea kushoto, na kushoto ni zizi la mbuzi. Kila asubuhi alipofika kipande cha nne alikatiza, akarudi nyuma hatua tatu, akaendelea. Runji alikuwa akinywa uji mlangoni, haoneshi kama anaona.

Jumamosi moja Celina alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akamkuta mumewe ameng'oa nguzo za zizi na anachimba mashimo mapya upande wa pili, karibu na ghala.

"Baba Purity, mbuzi wamekukosea nini?"

"Hawajakosa. Wewe ulikuwa unakatiza."

Celina aliweka mkoba chini, akavua viatu, akasimama mwanzo wa uwanja. Aliinua mikono, akazama, akahamisha uzito. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikapita pale lilipokuwa zizi, ardhi ikiwa bado laini ya samadi chini ya nyayo zake. Akakimaliza cha tano akatulia, mikono mbele, pumzi yake haina haraka.

Runji aliegemea jembe. "Vimebaki vingapi?"

"Kumi na tisa."

Aligeuka akatazama shamba lake la ndengu, lililoanzia hatua chache tu mbele ya mkewe.

"Hivyo vingine vinaelekea wapi?"

"Kinachofuata kinarudi nyuma."

"Afadhali," Runji akasema, akaendelea kuchimba.